Mwanafunzi Aliyewekwa Ofisini

Chumba alichopewa Vestina Manirambona kilikuwa na dirisha moja, na dirisha hilo lilitazama ukuta. Kati ya dirisha na ukuta palikuwa na uchochoro wa kupita mbuzi, na kweli mbuzi wa jirani alipita hapo kila asubuhi, akasimama, akamtazama Vestina kama mtu aliyekuja kumwona mfungwa, kisha akaendelea na safari zake. Vestina alimwonea wivu yule mbuzi.

Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili wa shahada ya maendeleo ya jamii, amekuja Tabora kwa mafunzo kwa vitendo, au fildi kama wanavyosema wanafunzi wenyewe. Shirika lililompokea liliitwa Mkono wa Jirani. Lilifanya kazi na vikundi vya akina mama vijijini, kuwafundisha kukausha na kuchambua karanga ili zisiingie sumukuvu, ile sumu ya ukungu inayomla mtu ini polepole bila yeye kujua. Kila mwanafunzi alipaswa kushikamana na kikundi kimoja, ajifunze kwao namna wanavyofanya kazi, kisha awafae kwa jambo ambalo angeligundua huko huko. Mwishoni mwalimu wa chuo angekuja kumwona mwanafunzi akiwa katikati ya kikundi chake. Asiye na kikundi hapati maksi, na asiyepata maksi anarudia mwaka.

Vestina hakuwa na kikundi. Alikuwa na kabati la ripoti za zamani, stapla, na birika la chai.

Sababu ilikuwa mguu wake wa kulia. Alipokuwa mtoto kule Ulyankulu, mwiba ulimchoma gotini shambani. Jeraha likatunga usaha, usaha ukaingia kwenye mfupa, na siku baba yake, mzee Aleksi, alipopata lori la tumbaku la kumfikisha hospitali, kilichoweza kuokolewa kilikuwa mguu, si goti. Mguu ulipona ukiwa umenyooka kama mchi, na haukukunjika tena. Vestina alitembea kwa gongo moja la kiwiko, na alitembea vizuri. Shuleni alikuwa akienda na kurudi pamoja na wenzake, na mvua ikiwakuta njiani walilowa wote.

Kosa lake, kama lilikuwa kosa, alilifanya chuoni. Mratibu wa mafunzo alikuwa amempangia kubaki maktaba ya chuo, akasema ni kwa ajili ya usalama wake. Vestina alipanda hasira. Alisimama mbele ya darasa zima akasema kwa sauti: "Nipelekeni kama wengine. Mimi sihitaji kitu chochote cha pekee." Wenzake walimpigia makofi. Mratibu alinyoosha mikono juu, akampangia Tabora, karibu na kwao, na jambo likaisha. Maneno yale yalikuwa matamu siku ile. Hakujua kwamba yangemfuata hadi Tabora na kumfungia mlango kwa nje.

Siku ya kwanza ofisini aliwahi kufika, gauni lake la kitenge limepigwa pasi likanyooka. Alimkuta Mustafa, mwanafunzi mwenzake, kijana wa mjini hapo hapo Tabora, ameshavaa helmeti. Wafanyakazi na wanafunzi walikwenda vijijini kwa pikipiki, na hakuna aliyewahi kufikiria namna nyingine. Mkuu wa ofisi alikuwa Bi. Najiat, mama wa buibui na sauti ya kubembeleza, mzaliwa wa mtaa wa Gongoni.

"Shikamoo, Bi. Najiat."

"Marahaba, mwanangu. Karibu sana. Pole na safari. Na pole na..." Akautazama mguu, akaimalizia pole yake kwa macho.

Vestina alijaribu kupanda nyuma ya pikipiki. Mguu ulitokeza pembeni kama ubao uliofungwa vibaya kwenye baiskeli.

"Dada," Mustafa akasema, akijizuia kucheka, "tukienda hivi, hakuna mti wa njiani utakaokosa kusalimiwa."

Vestina mwenyewe alicheka. Bi. Najiat hakucheka.

"Shuka, mwanangu. Taratibu. Mimi nina binti wa umri wako. Ukianguka huko porini, mama yako nitamwambia nini?"

"Naweza, Bi. Najiat. Nitajishikilia."

"Najua unaweza. Lakini si lazima. Hata hapa kazi zipo." Akamsogelea, akashusha sauti. "Na jambo jingine. Huko kwa Wanyamwezi mwanamke akimwamkia mzee anapiga magoti. Wewe utafanyaje? Utabaki umesimama, wakuone una dharau, nawe dharau huna. Kaa hapa upumzike."

Palikuwa na mengi ya kujibu. Angeweza kusema kwamba zipo njia nyingine za kufika kijijini, tena zipo nyingi, ila zinahitaji mtu azitafute. Lakini kusema hivyo kungekuwa kuomba kitu cha pekee, na yeye alikwisha kutangaza mbele ya watu kwamba hakihitaji. Akashuka. Mustafa akawasha pikipiki, vumbi likapanda, na Vestina akaonyeshwa chumba chake.

Kama Bi. Najiat angekuwa mkali, Vestina angejua pa kumshikia. Lakini Bi. Najiat alimletea kalimati kutoka nyumbani. Alimnunulia mto wa kukalia. Alimruhusu kuondoka mapema ili jua lisimchoshe. Mtu unamgombezaje anayekuletea mto? Kila wema aliotendewa ulimsukuma ndani zaidi ya kile chumba, na kila alipoitikia "asante, Bi. Najiat", alijisikia kama anayeuchapia udongo ukuta wake mwenyewe.

Wageni walipokuja, Vestina ndiye aliyewaandalia chai. Bi. Najiat alipenda kuwaambia: "Hapa mlipoketi ni kando ya njia ya misafara. Wapagazi wa Unyamwezi walitoka hapa na pembe mabegani hadi Bagamoyo, kwa miguu yao, wakafika, wakarudi!" Wageni walitikisa vichwa kwa kustaajabu. Vestina alikusanya vikombe, akarudi chumbani kwake, cha pili kushoto, na huo ndio uliokuwa msafara wake wa siku.

Kwenye mpango wa chuo kikundi chake kilikuwepo. Kilikuwa cha akina mama wa kitongoji kimoja nje kidogo ya Kigwa, na jina la Vestina liliandikwa mbele yake. Kwa kuwa hakwenda, Mustafa alikuwa akikitembelea pamoja na cha kwake. Jioni alirudi nywele zimekuwa nyekundu kwa vumbi, akaketi juu ya meza ya Vestina akitafuna karanga alizopewa.

"Waziri wa ofisi, hujambo?"

"Sijambo, mtumwa wa barabara."

"Haya, chukua kalamu nikupe kijiji. Mwenyekiti wao anaitwa Bibi Ngollo. Mkali huyo! Jana kaniuliza kama mama yangu alisahau kunifundisha kunawa mikono. Wanakausha juu ya maturubai, wanachambua, mbovu wanatoa. Andika kwamba wanachambua vizuri."

"Niandike niliona?"

"Sasa utaandika nini? Nilisimuliwa? Andika tu, Vestina. Nani atajua?"

Aliandika. Kila alipofika kwenye neno "niliona" mkono ulikuwa mzito, lakini aliandika. Jumapili baba yake alipiga simu baada ya misa, nyuma yake zikisikika sauti za watu wakiagana nje ya kanisa.

"Mwanangu, wanakutuma vijijini?"

"Wananituma, baba."

"Nilisema mimi!" mzee Aleksi akamwambia mtu aliyesimama karibu naye, kisha akaingia Kirundi, lugha ya nyumbani, kwa furaha, kama alivyofanya kila moyo wake ulipojaa. Vestina alikata simu akabaki ameishika. Sasa walikuwa wawili waliofungiwa, yeye na uongo wake, na chumba kilikuwa kidogo.

Mwalimu wa chuo alipopiga, uongo ulikuwa umeshazoea kutoka wenyewe. Jina lake lilikuwa Apolinaria, mwanamke wa maneno machache ambaye wanafunzi walimheshimu kwa sababu alisoma kazi zao kweli kweli.

"Kikundi chako kinaendeleaje, Vestina?"

"Kinaendelea vizuri, mwalimu."

"Vema. Nitakuja Alhamisi ya wiki ijayo. Tutakwenda wote Kigwa nikakuone ukiwa nao."

Vestina alijibu "karibu sana, mwalimu" kwa sauti ambayo hata yeye hakuitambua.

Alikwenda kwa Bi. Najiat na kumweleza yote. Bi. Najiat alishika shavu, akafikiri, kisha uso ukamchangamka. "Usihangaike. Nitamwambia uliugua malaria. Kali. Nani atamlaumu mgonjwa?"

Mustafa naye alikuwa na njia yake. "Twende wote. Mimi nitakaa nyuma yako. Akikuuliza kitu, nakunong'oneza. Wale akina mama hawatasema neno, nitawapanga."

Usiku huo Vestina aligeuza njia zote mbili kichwani. Akiwa mgonjwa, angerudia mwaka, tena kwa ugonjwa wa uongo. Akinong'onezwa, angefaulu, na kila ambacho angeitwa baada ya hapo, afisa, mtaalamu, mhitimu, kingesimama juu ya kijiji ambacho hajakikanyaga. Njia zote mbili zilikuwa na huruma ndani yake, na zote mbili zilimwacha pale pale alipo. Ya tatu ilikuwa kusema anachohitaji. Hiyo ndiyo iliyomtia aibu kuliko zote, na alipojiuliza kwa nini, hakupata jibu zaidi ya makofi ya darasani.

Jumanne asubuhi Tobias, dereva wa shirika, alikuwa uani akipakia maturubai mapya kwenye pikapu. Pikapu ilikwenda Kigwa kila ilipokuwa na mzigo. Kiti chake cha mbele kilikuwa cha mgeni, na pasipokuwa na mgeni kilikaa kitupu kwa heshima ya mgeni asiyekuwepo. Wafanyakazi walikipita na kwenda kupanda pikipiki zao. Vestina mwenyewe alikuwa amekitazama siku zote kama mtu anavyotazama kiti cha padri.

Alimfuata Bi. Najiat barazani.

"Bi. Najiat, naomba kiti cha mbele cha pikapu. Leo na Alhamisi."

"Cha mbele?"

"Kikisukumwa nyuma mpaka mwisho, mguu wangu unakaa. Na nahitaji Tobias asimame karibu na mahali pa mkutano, si barabarani, kwa sababu kwenye mchanga gongo linazama. Ni hayo tu."

Bi. Najiat aliigeukia pikapu. "Ni hayo tu? Wiki zote hizi, kumbe ni hayo tu? Mbona hukusema?"

"Hukuniuliza, Bi. Najiat. Nami nikaona haya kusema."

Ilionekana wazi kwamba jambo hilo limemgusa yule mama mahali ambapo kalimati hazifiki. "Na magoti?" akauliza mwishowe, kwa sauti ndogo.

"Sijui," Vestina akasema. "Nitajua nikifika."

Tobias alikisukuma kiti nyuma kwa teke. "Panda, mgeni rasmi," akasema. "Lakini ukisinzia nakushusha, maana mimi naendesha kwa mazungumzo."

Njia ilikuwa ndefu kwa mashimo na fupi kwa hadithi za Tobias. Mustafa alitangulia na pikipiki. Walipofika, akina mama walikuwa wameshaketi kwenye kivuli cha ghala, juu ya mikeka, karanga zimerundikwa katikati. Vestina alishuka, akaweka gongo vizuri, akaenda moja kwa moja kwa mwanamke mwembamba mwenye mvi, ambaye wengine wote walikuwa wamemgeukia.

"Shikamoo, bibi."

Aliamkia akiwa amesimama wima, kivuli chake kikianguka juu ya uso wa mzee. Bibi Ngollo aliijibu hewa iliyokuwa kando ya Vestina. "Marahaba." Mikono yake haikusimama kuchambua. Mama mmoja alimnong'oneza mwenzake kwa Kinyamwezi, na yule mwenzake akaguna.

Mustafa aliona mambo yanaharibika, akakimbilia kuyarekebisha. "Bibi, msimjali. Huyu dada ni mgonjwa. Ana matatizo. Tumemleta tu aone."

Basi dharau ikageuka huruma, palepale. "Maskini!" "Mleteeni kiti!" Kiti cha plastiki kilitoka ndani ya ghala kikipitishwa kichwa hadi kichwa. Vestina akakalishwa. Mtu akamletea maji. Na kazi ikaendelea bila yeye.

Alikuwa amefika kijijini, na bado alikuwa ofisini. Toka juu ya kiti aliona visogo vya vilemba na migongo iliyoinama. Mustafa aliuliza maswali yake akiwa amesimama: mnakausha? Tunakausha. Mnachambua? Tunachambua. Akina mama walimjibu wakicheka. Vestina alipouliza swali, mmoja alimwambia kwa upole, "Pumzika tu, binti." Na jambo baya zaidi alikuwa hajalifahamu mpaka alipomwona Bibi Ngollo akiinua shingo kumtazama, kisha akaishusha haraka: yeye, msichana wa juzi, alikuwa ameketi juu ya kiti, na mwenyekiti mwenye mvi alikuwa chini.

Ndipo alipoitazama miguu. Akina mama wote walikuwa wameketi kama wanavyoketi wanawake wenye kazi ndefu, miguu imenyooshwa mbele, kanga imefunika magoti, karanga mapajani. Palikuwa na miguu mingi pale, mizee na michanga, na hakuna hata mmoja uliokunjwa.

Tatizo lilikuwa kufika chini. Vestina hakuwa na desturi ya kuketi chini mbele ya watu, kwa sababu akishashuka hawezi kuinuka peke yake. Lazima mtu amvute, na lazima yeye aombe kuvutwa. Miaka yote ya chuo alikuwa amesimama kwenye mahafali, mikutano na ibada za nje, wengine wakikaa kwenye nyasi, yeye akisema amezoea kusimama.

"Naomba mtu anishike," alisema. Sauti ilimtoka juu kuliko alivyokusudia. "Nataka kushuka mkekani."

Mustafa aliruka, lakini Vestina alimzuia kwa mkono. Mama kijana aliyeitwa Jeska aliweka ungo kando, akaja na mwenzake. Walimshika kwapani, mmoja huku na mmoja huku. Gongo likaanguka. Kwa kitambo kidogo walining'inia wote watatu kama mzigo uliokosa mizani, akina mama wakipiga kelele za "Polepole!" na "Mshikeni kiuno, si mkono!" Kisha Vestina akatua kwa kishindo, karanga zikaruka, na mguu wake ulionyooka ukalala kwenye safu ya miguu iliyonyooka.

Sasa macho yake yalikuwa chini ya macho ya Bibi Ngollo.

"Mwangaluka, bibi," akasema, kwa salamu ya asubuhi ya Kinyamwezi. "Mimi naitwa Vestina. Natoka Ulyankulu. Hiki ndicho kikundi nilichopangiwa, na nimechelewa kuja."

Bibi Ngollo alimwangalia, kisha akauangalia mguu. Akaugonga gotini kwa kidole, kama mtu anayejaribu tikiti maji. "Huu una nini?"

"Haukunji, bibi. Tangu utotoni."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Basi si ungesema! Sisi tulidhani chuo kimekufundisha kiburi. Halafu huyu mtoto wa mjini anatuambia mgonjwa. Unaumwa?"

"Siumwi."

"Mustafa!" bibi akaita. "Huyu haumwi! Wewe ndiye unayeumwa mdomo!"

Mkeka mzima ukacheka, na Mustafa akainamisha kichwa, akicheka pia, akinawa uso kwa mikono mikavu.

"Mimi mwenyewe siku hizi nikipiga magoti nakwama huko huko," Bibi Ngollo akaongeza. "Haya, nyoosha mikono. Karanga hizi hapa."

Akiwa chini Vestina aliona kilichokuwa hakionekani toka juu. Karanga nzuri ziliingia kwenye gunia la kuuza. Zilizovunjika na zenye ukungu zilitupwa pamoja kwenye kapu moja, na lile kapu halikwenda shimoni. Jeska alilikung'uta kwenye upande wa kanga yake, akafunga fundo.

"Hizo za nini?" Vestina akauliza, taratibu, bila kuacha kuchambua.

"Za mboga. Nasaga, naunga mchicha. Watoto wanapenda."

Vestina hakuwa na haraka ya kuwa mwalimu. Alisema tu kwamba zile zenye ukungu ndizo alizoambiwa ofisini kwamba zina sumu, na kwamba hakujua kama walishaambiwa zinadhuru mlaji wa nyumbani pia, si mnunuzi peke yake.

"Tuliambiwa zinashusha bei," Jeska akasema.

Bibi Ngollo alisimamisha mikono kwa mara ya kwanza asubuhi ile. "Kwa hiyo mteja wa mjini anakula nzuri, mjukuu wangu anakula mbovu, na mimi mwenyekiti nimekaa hapa natazama?"

"Lakini bibi, tutupe chakula?" mwingine akauliza, na mabishano yakaanza, marefu, nusu Kiswahili nusu Kinyamwezi. Hapakuwa na aliyekuwa na shibe ya kutupa kapu zima. Mwisho walikubaliana kuweka marundo matatu badala ya mawili: nzuri za kuuza, zilizovunjika lakini safi za kula nyumbani, na zenye ukungu kwenda shimoni. Jeska akafungua fundo la kanga yake, akazimwaga tena mkekani, akaanza upya. Uso wake haukuwa na furaha.

Alhamisi Mwalimu Apolinaria alifika. Kwenda kijijini alikalia kiti cha plastiki huko nyuma kwenye pikapu, akishikilia kofia yake, kwa sababu Bi. Najiat alikuwa amemweleza, kwa heshima zote na kwa kutokwa jasho, kwamba kiti cha mbele kina mwenyewe. Kijijini Vestina aliomba kushikwa, akashuka mkekani, akaamkia. Kazi ikaenda. Akina mama waligombania marundo yao matatu mbele ya mgeni kama watu walioyavumbua, na kweli waliyavumbua wao.

Mwalimu alitazama kwa muda mrefu. Kisha akachuchumaa kando ya Vestina.

"Kazi hii ni nzuri. Umekuwa na kikundi hiki tangu lini?"

Mustafa alikohoa. Bi. Najiat, aliyekuja nao, akaanza, "Mwalimu, unajua, huyu binti alipatwa na..."

"Tangu Jumanne," Vestina akasema.

Mwalimu akamgeukia.

"Jumanne ya?"

"Ya wiki hii. Mwalimu, nilikudanganya kwenye simu. Kabla ya hapo nilikuwa ofisini, kwa sababu pikipiki haichukui mguu wangu. Nilichoandika kwenye ripoti ya mwanzo nilisimuliwa. Chuoni nilisema sihitaji kitu cha pekee. Nilikuwa nahitaji kiti cha gari na mtu wa kunishika nikishuka."

Bi. Najiat alifunika mdomo kwa upindo wa mtandio. "Nami nilimfungia kwa mapenzi," akasema. "Naapa, ni kwa mapenzi."

Mwalimu Apolinaria alichezea ganda la karanga. "Siwezi kukupa maksi za wiki ambazo hukuwepo," alisema mwishowe.

"Najua."

"Matokeo yako yatabaki wazi. Wenzako wakienda likizo, wewe utabaki hapa ukamilishe wiki zako zote, kama ofisi itakubali kutoa gari. Kama idara nayo itakubali. Nitaomba, lakini siahidi. Na sisi chuoni tulikosea. Tulikuuliza kama unaweza. Tulitakiwa kukuuliza utafikaje." Alisema hayo bila kupamba, kisha akainuka, akajikung'uta sketi.

Bi. Najiat alisema gari litatolewa, akarudia mara ya pili kwa sauti kubwa zaidi, kama aliyekuwa akijiambia mwenyewe.

Vestina hakujua afurahi au alie. Mwaka ulikuwa bado haujapona. Ingembidi ampigie baba yake simu kabla ya Jumapili nyingine, amwambie kwamba alipouliza, hakuwa akitumwa popote. Mustafa angerudi nyumbani kwao, wengine wangepanda treni waende zao, na yeye angebaki mji huu huu, akisubiri neno la watu waliokaa mezani mbali, wasiomjua hata kwa sura. Aliinamisha uso juu ya karanga na kuendelea kuchambua haraka haraka, ili mikono iwe na pa kukimbilia.

Kofi jepesi likamtua begani.

"Hebu toa hiyo!" Bibi Ngollo alikuwa amechomoa punje kutoka kwenye rundo la kuuza, akaileta karibu kabisa na pua ya Vestina. Ilikuwa na doa la kijani upande wa chini. "Umeipitisha. Na hii je? Hii hapa pia! Unataka watuambie kikundi cha Kigwa kinauza sumu? Lia ukitaka kulia, lakini rundo lote hilo rudia."

"Ndiyo, bibi," Vestina akasema. Akalivuta rundo mapajani, akaanza tena, punje moja moja.